Sanaa ni ya Nani?

Paa ya Paa ni nyumba ndogo ya sanaa iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1965 na mchoraji Elimo Njau pamoja na wenzake. Mwaka 1997 moto uliteketeza picha na vitabu vyake vingi. Hata hivyo mafunzo ya sanaa hayakukoma pale. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Picha huungua, bali ujuzi uliokwisha kuingia mikononi mwa watu hauungui.

Basi nyumba ya sanaa tuipime kwa mikono inayoikaribisha, wala si kwa wingi wa picha ukutani. Kwa kipimo hicho nyingi zapungukiwa. Kipofu akipelekwa mbele ya kinyago, kisha akaambiwa asiguse, ametembezwa bure. Kiongozi mwema humweleza kwanza umbo na ukubwa wake, halafu huiacha mikono ipite polepole juu ya mti. Maana mchongaji mwenyewe aliijua kazi yake kwa vidole. Asiyeweza kupanda ngazi naye atengenezewe njia ya mteremko, asiachwe mlangoni kusimuliwa yaliyomo ndani.

Wako wasemao kwamba kugusa huchakaza kazi. Ni kweli kwa picha za rangi, na hizo zilindwe. Lakini ni gharama gani kuweka vinyago vichache vya kuguswa, na donge la udongo kando yake, ili mgeni aliyepapasa ajaribu naye kufinyanga? Hapo ndipo atakapoacha kuwa mgeni.