Kuvuma na Kuvumishwa: Uhakiki wa Msamiati wa Wapenzi wa Filamu

Kazi ya kuunda istilahi haianzii mezani. Huanzia pale ambapo watu wanabishana na kukosa neno. Hivi karibuni tulikaa katika kibanda kimoja cha video jijini Dar es Salaam, mojawapo ya vile ambavyo wenyewe huviita vibanda umiza, tukawasikiliza vijana waliokuwa wakingojea umeme urudi. Walizungumza mambo mawili: filamu kubwa za Marekani ambazo bado hazijatoka, na filamu nzuri ambazo, kwa maoni yao, hazikutiliwa maanani. Hoja zao zilikuwa nzito. Msamiati ndio uliopwaya. Filamu iliyokwisha kujaza majumba duniani kote waliiita "blokibasta". Ile ambayo hakuna hata mtu mmoja kati yao aliyeiona, nayo wakaiita "blokibasta". Zile zilizoachwa nyuma hazikuwa na jina ila moja: "zilifeli".

Makala haya yanakusudia kuyahakiki matumizi hayo na kutoa mapendekezo machache.

Hatusemi kwamba wapenzi wa filamu ni maskini wa lugha. Tangu enzi za majumba ya Avalon, Empire na Odeon, watazamaji wetu wamejitungia msamiati bila kusubiri idhini ya mtu. Filamu yenyewe ni "picha". Mhusika mkuu ni "stelingi", neno lililotoholewa kutoka maandishi ya Kiingereza yatajayo wachezaji wakuu. Kwetu limeacha kazi yake ya asili likawa jina la mtu, likazaa hata kanuni: stelingi hafi. Hiyo ni istilahi iliyokomaa. Ni fupi, inaeleweka, na kwa hiyo mtu anaweza kuhoji jambo. Mwenye kuitazama "Sholay", filamu ya Kihindi ya mwaka 1975 ijulikanayo sana hata katika mwambao wetu, huona mmoja wa mastelingi wawili akifa, akatambua mara moja kwamba kanuni imevunjwa.

"Blokibasta" haina sifa hizo. Katika miaka ya 1940 neno hilo la Kiingereza lilikuwa jina la mabomu mazito ya jeshi la anga la Uingereza, yenye uwezo wa kubomoa mtaa mzima. Baadaye wafanyabiashara wa filamu walilichukua kutaja picha yenye mapato makubwa. Leo linatumika pia kwa picha iliyotengenezwa kwa fedha nyingi na kutangazwa mno, hata kabla haijapata senti moja. Kwa hiyo neno moja linabeba dhana mbili: matokeo na matarajio. Sisi tumelipokea pamoja na mkanganyiko wake.

Tofauti ya dhana hizo inaonekana wazi tukilinganisha filamu mbili za mwaka ule ule wa 1975. Mwezi wa Juni, "Jaws" ya Steven Spielberg ilifunguliwa nchini Marekani katika majumba zaidi ya 400 kwa siku moja, baada ya matangazo mengi ya televisheni. Watu walikuwa wameandaliwa kuitaka kabla ya kuiona. Mwezi wa Agosti, "Sholay" ilitoka nchini India. Wahakiki wengi hawakuipokea vizuri, na majuma ya kwanza yalikuwa ya wasiwasi kwa wenyewe. Kisha waliotoka kuitazama wakawasimulia wengine, na wengine wakawasimulia wenzao, mpaka ikadumu miaka 5 katika jumba la Minerva mjini Bombay. Zote mbili zilipata mapato makubwa, na kwa msemo wa vijana wetu zote ni blokibasta. Lakini sauti ya ile ya kwanza ilianza kwa mwuzaji, na sauti ya hii ya pili ilianza kwa mtazamaji.

Kiswahili kinayo tayari zana ya kuonyesha tofauti hiyo, nayo ni mnyambuliko wa kitenzi. Kitu huvuma chenyewe. Kitu huvumishwa na mtu. Filamu ivumayo ni ile ambayo watazamaji wameithibitisha. Filamu ivumishwayo ni ile inayopigiwa mbiu na wenye nayo. Ya pili yaweza kugeuka kuwa ya kwanza, kama ilivyokuwa kwa "Jaws", na yaweza isigeuke. "John Carter" ya mwaka 2012 iligharimu zaidi ya dola milioni 250 na ilivumishwa kwa kila njia. Baada ya kutoka, kampuni ya Disney ilitangaza kutarajia hasara ya takriban dola milioni 200. Kumwita mtoto ambaye hajazaliwa bingwa wa mbio ni kumpa sifa ambayo hajaikimbilia.

Tatizo la pili ni kubwa zaidi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Historia ya filamu haikubaliani nao kila mara. "The Shawshank Redemption" ya mwaka 1994 ilipata uteuzi wa tuzo 7 za Oscar, lakini mapato yake ya kwanza majumbani hayakufikia gharama za kuitengeneza. Ni video na televisheni zilizoipatia wapenzi. "It's a Wonderful Life" ya mwaka 1946 haikurudisha gharama zake. Hakimiliki yake ilipokoma mwaka 1974, vituo vya televisheni vya Marekani vikaionyesha kila Krismasi, ikawa kipenzi cha taifa. Kizuri hakikujiuza, kilitafutiwa mlango.

Katika kibanda kile ilitajwa "Maangamizi" ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, ambayo Tanzania iliiwasilisha mwaka 2001 kushindania Oscar ya filamu za lugha ya kigeni. Kijana mmoja akasema, "Hiyo ilifeli." Mzee mwenye kibanda akamwuliza, "Uliionea wapi, mwanangu, hata ukajua imefeli?" Kijana alinyamaza. Hakuwa ameiona, wala hakuna aliyekuwa ameiona pale.

Swali la mzee yule ndilo kiini cha uhakiki wetu. Kufeli ni neno la mtihani. Hufeli aliyeingia chumbani akaandika. Filamu ambayo haikumfikia mtazamaji haijafeli, maana haijatahiniwa. Tukiiita iliyofeli, tunamwondolea lawama msambazaji na kumtwika msanii. Tena tunajipa ruhusa ya kutoitafuta. Baada ya "Maangamizi" ilipita miaka 21 kabla ya Tanzania kuwasilisha filamu nyingine huko, nayo ilikuwa "Vuta N'Kuvute" ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi.

Kwa hiyo tunapendekeza istilahi zifuatazo:

Filamu ivumayo: iliyopata watazamaji wengi, kwa ushahidi.
Filamu ivumishwayo: inayotangazwa sana, iwe imetoka au haijatoka.
Filamu iliyopuuzwa: iliyoonyeshwa, lakini watu hawakuiendea.
Filamu isiyofika: ambayo watazamaji waliokusudiwa hawakupata nafasi ya kuiona.

Huenda wengine wakasema kwamba tunapinga ukopaji. La hasha. Sinema, filamu na stelingi zote ni za mkopo, na hatuna ugomvi nazo. Huenda pia ikasemwa kuwa virejeshi vifupi kama "ivumayo" vina harufu ya ushairi na havitatamkwa mitaani. Pingamizi hilo lina uzito, nasi hatuna hakika ya kulishinda; lakini methali inayosema ngoma ivumayo haikawii kupasuka hutamkwa na watu wasioandika mashairi.

Wasomaji wanaombwa kutuletea maoni yao, hasa maneno yanayotumika katika vibanda vya Mwanza, Mombasa, Unguja na kwingineko. Iwapo mahali fulani watu wamekwisha kuwa na jina fupi zaidi la filamu isiyofika, tutaliacha letu na kulipokea lao.