Kitabu cha Dr. Krapf, na Machozi ya Rebmann Machame

Jina la Dr. Ludwig Krapf lajulikana na waalimu wengi wa Mlimani, walakini waliosoma kitabu chake ni wachache. Kilipigwa chapa kwa Kijerumani mwaka 1858, na kwa Kiingereza huko London mwaka 1860. Ndani yake zimo safari na taabu zake katika Afrika ya Mashariki, na pamoja nazo habari za safari tatu za mwenziwe, Johannes Rebmann, hapa Uchagani. Vitabu vya namna hii hupewa vijana wanaotaka kutumwa nchi ngeni kwa ajili ya Injili, ili mioyo yao iwake. Basi na tukipime: je, chamfaa mtu anayejitayarisha kwa kazi hiyo? Mimi naona chamfaa sana, ila si kwa kurasa zile zinazosifiwa.

Kurasa zinazosifiwa ni zile za kufika Mombasa mwaka 1844. Haikupita miezi mingi mkewe Rosine akafa kwa homa, na mtoto wao mchanga akamfuata. Naye Krapf, akiwa bado mgonjwa, hakurudi kwao. Alijifunza Kiswahili, akaanza kukifasiri Kitabu cha Mwanzo. Habari hii hakuna awezaye kuisoma kwa moyo mkavu. Lakini baada yake huja shauri lake kubwa la kuweka mlolongo wa vituo vya misioni toka pwani ya mashariki hata pwani ya magharibi, na hapo kitabu chapungua nguvu. Katika ramani milima haichoshi wala mito haizamishi mtu. Krapf alipenda mno kutazama mbali, na msomaji kijana akimfuata katika tabia hiyo ataipenda safari kuliko watu.

Rebmann alikuwa mtu wa namna nyingine. Safari yake ya kwanza, mwaka 1848, alifika Kilema kwa Mangi Masaki, na njiani, tarehe 11 Mei, aliiona theluji ya Kilimanjaro. (Kiongozi aliyekuwa naye aliuita weupe ule "baridi" tu, na bwana mmoja wa London, aliyekuwa hajaitia Afrika mguu, alishika kalamu kukana kwamba kuna theluji.) Safari ya pili alifika Machame, na Mangi Mamkinga akampokea kama rafiki. Ndipo mwaka 1849 akaja tena, safari hii na vitu vingi zaidi, maana alikusudia kupita hata Unyamwezi.

Hapa ndipo penye kurasa bora za kitabu chote. Mamkinga hakumpiga wala hakumfunga. Alizidi kutaka zawadi, leo hiki na kesho kile, hata ile akiba ya safari ya Unyamwezi ikaisha mikononi mwake. Rebmann akalia machozi. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba halilii mali kwa kuwa ni mali; vitu vile vilitolewa na watu wema wa Ulaya ili neno la Mungu lifike mbele, na sasa njia imezibwa.

Wasomaji wengi humlaani Mangi hapa, na kitabu chenyewe kinawasukuma wafanye hivyo. Lakini sisi wa Mlimani twaweza kuuliza jambo ambalo Krapf hakuliuliza. Mamkinga angejuaje kwamba vitu vile si vyake? Mgeni mwenye shehena ya nguo na shanga, afikaye nyumbani kwa mangi, alikuwa mfanyi biashara, au mtu mwenye haja ya kupewa njia. Rebmann alikuja kwa desturi za msafara, akapokewa kwa desturi za msafara. Hakuwa na maneno ya kutosha katika lugha ya watu wale ya kueleza kazi ya namna ya tatu. Haya si matukano kwa mtu wa Mungu aliyetembea na mwavuli badala ya bunduki. Ni somo la matayarisho, tena kubwa kuliko la homa: yule atumwaye ajue wenyeji watamwona kuwa nani, kabla hajafungua kinywa.

Miaka 47 baadaye somo hili lilirudi kwa damu. Misioni ya Leipzig ilikuwa imefika Machame mwaka 1893, na mwaka 1896 Ewald Ovir na Karl Segebrock walitoka kwenda kuanza kazi Meru. Walipiga kambi Akeri, na Kapteni Johannes alikuwa karibu na askari wake. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba waliuawa, pamoja na vijana wa Kichaga waliofuatana nao. Wapiganaji wale wangewezaje kutenganisha hema la Injili na hema la serikali? Serikali ya Kijerumani ililipiza kisasi kikali, na katika kisasi hicho walikuwamo Wachaga pia. Ilikuwa mwaka 1902 kabla misioni haijaweka kituo Nkoaranga, na waliokwenda kufundisha huko walikuwa na kazi ya kusahaulisha kwanza.

Kasoro nyingine ya kitabu ni uchache wa maneno juu ya watu waliomfikisha Mzungu. Bwana Kheri, aliyeongoza msafara, tunalo jina lake. Wapagazi ni hesabu tu. Wale vijana wa Akeri nao hutajwa mara nyingi kwa idadi, hali waliacha kwao kwa ajili ya neno lile lile. Kanisa linalotuma watu wake leo liwafundishe habari hizi zikiwa na watu wote ndani yake.

Tena kitabu kilikwisha mapema. Krapf alikuwa amerudi Ulaya mwaka 1853, akaandika. Rebmann alibaki karibu na Mombasa, waongofu wakiwa wachache, akikusanya maneno ya Kinyasa kinywani mwa mtumwa aliyetoka huko, nchi ambayo yeye mwenyewe hakuiona. Aliondoka mwaka 1875, amekuwa kipofu, baada ya miaka 29 bila kurudi kwao hata mara moja. Miaka mingi ya hiyo haimo katika kitabu. Mwalimu atakayekisoma pamoja na vijana aanze na safari ya tatu ya Machame, kisha awasimulie miaka hiyo kwa kinywa chake mwenyewe.