Uwanja wa Mia Tano

Jina la uwanja ni utungo mfupi kupita tungo zote za mji. Halinunuliwi wala haliazimwi, na hata hivyo lasomwa na watu wengi kuliko vitabu vingi, na aghalabu lasomwa bila ya kufikiriwa. Mfano wake waonekana mjini Roma, mbele ya stesheni kuu ya gari la moshi iitwayo Termini. Hapo pana uwanja mpana ambao jina lake kwa Kitaliani ni Piazza dei Cinquecento, maana yake Uwanja wa Mia Tano. Mabasi huanzia safari hapo; wageni hushuka na mizigo yao; wenyeji hupita mbio wasichelewe kazini. Mia tano ni idadi ya nini? Jina halisemi, na apitaye haulizi.

Mmoja wa wale waliouliza ni Igiaba Scego, aliyezaliwa Roma mwaka 1974 na wazazi wa Kisomali. Baba yake alikuwa mtu wa Barawa, mji ambao wenyeji wake wana Chimwini, lugha iliyo ndugu wa Kiswahili. Kwa hiyo msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ana udugu wa mbali na kalamu hii, ijapokuwa yaandika Kitaliani. Vitabu vyake viwili vyamhusu asomaye uwanja huo: La mia casa è dove sono, yaani nyumbani kwangu ni pale nilipo, cha mwaka 2010, na Roma negata, yaani Roma iliyokanwa, cha mwaka 2014. Lakini thamani yake haiwezi kupimwa sawasawa kabla ya kueleza jambo ambalo jina la uwanja limelificha.

Jambo lenyewe ni hili. Mwaka 1885 Wataliani walitia majeshi katika bandari ya Massawa, pwani ya nchi ambayo leo ni Eritrea, wakaanza kusogea bara. Tarehe 26 Januari 1887 kikosi chao cha watu wapatao 500, kikiwa njiani kuisaidia ngome ya Saati, kilikutana na jeshi la Ras Alula mahali paitwapo Dogali, kikateketezwa karibu chote. Habari zilipofika Roma zilizusha kilio kikubwa. Na mwezi wa Juni mwaka ule ule ikasimamishwa mbele ya stesheni nguzo ya ukumbusho wa askari waliokufa. Idadi yao ikawa jina la uwanja.

Waswahili husema kwamba jina jema hung'ara gizani. Jina hili lilifanywa ling'are, na giza likaachiwa Dogali. Ndani yake hapatajwi mahali, hautajwi mwaka, wala haielezwi sababu ya askari wa Italia kuwamo katika nchi ya wengine. Na wale waliokufa upande wa Ras Alula hawana hesabu yoyote katika jina hilo.

Nguzo nayo yastahili kusomwa. Ni jiwe la Misri la zama za Farao Ramses wa Pili, lililoletwa Roma na watawala wa kale, likafukiwa na udongo wa karne nyingi, likafukuliwa mwaka 1883. Basi askari waliokufa wakiivamia Afrika walikumbukwa kwa jiwe lililotwaliwa Afrika. Katika miaka ya 1920 nguzo ilihamishwa, ikawekwa katika bustani ndogo ya jirani, ambako ipo hata leo; na uwanja ukabaki na jina lililotengwa na shahidi wake.

Habari haikuishia hapo. Mbele ya stesheni ya Addis Ababa, mwisho wa reli itokayo Djibouti, ilisimamishwa mwaka 1930 sanamu ya Simba wa Yuda, wakati wa kutawazwa kwa Haile Selassie. Wataliani walioiteka Ethiopia mwaka 1936 waliitwaa sanamu hiyo, na mwaka 1937 wakaiweka Roma chini ya nguzo ya Dogali. Simba akaondolewa mbele ya stesheni moja akawekwa jirani ya nyingine, kama mateka aliyefungwa mlangoni kwa bwana wake. Tarehe 13 Juni 1938 Mweritrea aitwaye Zerai Deres, aliyekuwa amepelekwa Italia kuwa mkalimani, alipiga magoti mbele ya simba huyo. Alipoingiliwa alichomoa upanga, akajeruhi watu, naye akajeruhiwa. Alitiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akafa huko Sicily mwaka 1945. Masimulizi ya kwao yamemtukuza kuwa shujaa aliyeua maadui. Kumbukumbu zilizoandikwa zaonyesha majeruhi. Hata bila ya nyongeza hiyo tendo lake ni kubwa. Katika umati uliopita hapo kila siku, mtu aliyefahamu maana ya mahali ndiye aliyehesabiwa kuwa hana akili. Simba alirudishwa kwao miaka mingi baada ya vita, na sasa asimama tena Addis Ababa.

Sasa vitabu vyaweza kupimwa. Kitabu cha mwaka 2010 hakianzi na nguzo wala simba. Chaanza na meza. Jamaa waliotawanyika duniani wachora kwa kumbukumbu ramani ya Mogadishu, mji ambao hawawezi tena kuurudia kama walivyouacha. Kisha mwandishi abandika juu ya ramani hiyo mahali pa Roma palipo na sehemu ya maisha yake, na Stesheni ya Termini ni mojawapo. Termini yake ni ya Wasomali walio mbali na nchi yao, wanaokutana hapo kupeana habari na kupunguza upweke. Kwa watu hao stesheni imekuwa baraza. Msomaji ajuaye habari ya Dogali huona mwenyewe lililo chungu zaidi: watu wa Pembe ya Afrika wasimama katika uwanja ambao jina lake limewahesabu wavamizi wa Pembe hiyo. Kitabu hiki chafaulu kwa sababu chamweka mtu aliye hai mbele, na historia yamfuata nyuma.

Roma negata chashika njia nyingine. Chamtembeza msomaji katika mahali pa Roma penye alama za ukoloni, na pamoja na maneno pana picha za Rino Bianchi, ambamo watu wenye asili ya Pembe ya Afrika wasimama mahali hapo. Hapa mambo yaliyofichwa yasemwa waziwazi, tena kwa hasira yenye haki. Faida yake ni kubwa. Asiyejua hana tena udhuru. Walakini ipo hasara. Kitabu cha matembezi hakina budi kuendelea na safari, na mahali pazito hupewa muda mfupi kuliko pastahilivyo. Kadhalika mtu aliye katika picha huonekana, lakini hasemi. Katika kitabu cha kwanza watu walizungumza na jina likanyamaza. Katika cha pili jina lazungumza na watu wamenyamaza kidogo. Asomaye kimoja bila ya kingine amepata nusu.

Mtu aweza kuuliza kama haingekuwa bora jina la uwanja lifutwe likaisha. Rai hiyo ina heshima yake, maana hakuna mji uliolazimika kuwatukuza wavamizi milele. Lakini jina likifutwa bila ya kuelezwa, uwanja utakuwa umeponywa aibu bila ya kukiri kosa, na mji utasahau kwa njia safi kuliko ile ya kwanza. Dawa ya utungo uliokatwa ni kuukamilisha: Dogali itajwe, mwaka utajwe, Ras Alula na watu wake watajwe, simba na Zerai Deres watajwe, na wanaokutana hapo leo waulizwe habari zao. Scego amefanya sehemu yake ya kazi hiyo kwa karatasi, na sehemu iliyosalia ni ya mji wenyewe. Hata itakapofanywa, msafiri ashukaye Termini atakuwa anasoma nusu ya habari, iliyoandikwa na upande mmoja.