Baruti ya Kutosha

Kabla ya ganda la shaba kufika Buganda, kila mwenye bunduki alikuwa fundi wa kujaza, apende asipende. Ahmed bin Ibrahim alipofika kwa Kabaka Suna mwaka 1844, bunduki za misafara ya pwani zilikuwa magobori. Gobori husimamishwa kitako chini, likamiminwa baruti mdomoni, kikafuata kitambaa, kisha risasi, vyote vikashindiliwa kwa mti mpaka vitulie. Baruti yenyewe ilitoka Unguja kwa vipipa, ikavushwa hadi Mrima, ikabebwa vichwani mpaka Tabora, ikalizunguka Ziwa Viktoria kwa njia ya Karagwe. Njiani ilinyeshewa, ikaanikwa, ikasagika. Ilipofika ikulu kila kipipa kilikuwa na tabia yake, na aliyejaza gobori kwa mazoea, bila kuijua baruti aliyo nayo siku hiyo, alihatarisha jicho lake mwenyewe.

Ufundi huo wa kuijua baruti kwanza na kuipima baadaye haujafa. Unaishi kwa walenga shabaha wa bastola wanaojaza risasi zao wenyewe, moja moja, na kwangu mimi ni miongoni mwa kazi safi kabisa za mkono wa binadamu. Naandika haya Nakawa, na najua uzito wake. Barabara ya Jinja inayopita hapa ndiyo waliyokimbilia askari wa Amin Aprili 1979. Pale juu, Naguru, ndipo yalipo makao makuu ya polisi. Watu wa huku wameijua bunduki kwa vilio, na simlaumu mama anayeinuka na kuondoka nikianza kuzungumzia risasi. Ninayoisifu ni ile inayokwenda mita 25 kutoboa karatasi, kisha aliyeipiga akatembea taratibu kwenda kulitazama tundu.

Wahunzi wa Buganda waliwashangaza wageni kwa jinsi walivyoweza kuifungua bunduki iliyoharibika na kuirudisha ikiwa nzima. Nuwa Walukaga, mhunzi mkuu wa Kabaka, alichomwa moto Namugongo mwaka 1886 kwa ajili ya imani yake. Miaka minne baadaye, mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa, na humo yakaweka vifungu vya silaha. Kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, bunduki za kisasa zilizuiwa, na kilichoachiwa biashara ya kawaida kilikuwa bunduki za gumegume na ile baruti duni iliyoitwa baruti ya biashara. Tazama walivyopima. Hawakuhesabu bunduki peke yake. Waligawa watu kwa daraja la baruti. Desemba ya mwaka huohuo Lugard, kapteni Mwingereza, alipanda kilima cha Kampala akiwa na bunduki ya Maxim.

Wakati huo baruti nyeusi, ile ya shura, makaa na kiberiti, ilikuwa tayari inapitwa na wakati. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alifanikiwa kutengeneza baruti isiyotoa moshi, na mwaka 1887 Alfred Nobel akaja na yake. Nguvu ilizidi kwa mbali, lakini jambo lililowafurahisha mafundi lilikuwa jingine: kasi ya kuungua sasa ingeweza kuchaguliwa. Baruti mpya hutengenezwa kwa maumbo, na umbo ndilo linaloamua. Kuna ya magamba membamba, kuna ya vijiti, kuna ya punje za mviringo. Punje nyembamba huungua mara moja, nene huchelewa, na nyingine hupakwa dawa ya kuuzuia moto usiingie haraka. Bunduki yenye mtutu mrefu hupenda baruti ya polepole inayoisukuma risasi safari nzima. Bastola ina mtutu wa shubiri moja tu. Ukiitilia baruti ya polepole, risasi inatoka kabla baruti haijaisha, na sehemu kubwa ya fedha yako inaungulia nje kama ndimi za moto na kishindo kinachomfanya mpigaji apepese macho.

Kwa hiyo mlenga shabaha huchagua baruti ya haraka, na huitumia kidogo. Mwaka 1898 kampuni ya Laflin & Rand ya Marekani ilianza kuuza baruti iitwayo Bullseye, na mpaka leo, baada ya kubadilisha wamiliki, bado ipo mezani kwa watu wanaoshindania alama. Sijui bidhaa nyingi za karne ya 19 ambazo fundi wa leo anazichagua kwa sababu zinafaa, si kwa kumbukumbu.

Ganda la .38 Special lilizaliwa miaka hiyohiyo, likiwa limepimwa kwa ajili ya baruti nyeusi, ambayo hujaza nafasi. Baruti mpya ilipoingia, kipimo kilipungua sana lakini ganda likabaki na urefu wake. Leo fundi anamimina baruti ya haraka ndani ya ganda hilo, na inakaa chini kabisa, sehemu kubwa iliyobaki ni hewa tupu. Ukiinamisha bastola kabla ya kupiga, baruti inakimbilia mbele, mbali na fataki inayoiwasha. Ukiiinua, inarudi nyuma. Kasi ya risasi inabadilika kwa sababu ya namna ulivyoinua mkono. Basi anayechagua baruti ya .38 haulizi tu ina nguvu gani. Anauliza inajali mahali ilipolala au haijali.

Nafasi hiyo tupu ina hatari nyingine, na hapa ndipo ninapowaheshimu mafundi hawa kuliko popote. Kwa kuwa kipimo ni kidogo, ganda linaweza kumezeshwa mara mbili bila kufurika, na vipimo viwili vya baruti ya haraka huweza kuipasua bastola mkononi. Kinyume chake pia kipo: ganda lililosahaulika, lisilo na baruti, ambalo fataki yake peke yake huisukuma risasi hadi katikati ya mtutu na kuiacha imekwama, ikiisubiri ya pili. Hapa sokoni Nakawa, ukinunua fungu la nyanya unadai nyongeza, na muuzaji mwema anakuongeza bila kupima. Meza ya kujazia risasi haina nyongeza. Kuna mafundi ambao kwa sababu hiyo tu huchagua baruti nyepesi inayovimba, inayochukua nafasi kubwa kwa uzito mdogo, ili kosa la kumwaga mara mbili lionekane kwa macho. Wanakubali kupoteza usahihi kidogo. Mimi naona hilo ni chaguo la mtu mzima.

Kaka yangu alijifunza kazi ya kupiga tupa na kuchonga vyuma katika Chuo cha Ufundi cha Nakawa, kile kilichofunguliwa mwaka 1971 kwa ushirikiano na Japani. Sasa anaishi Minnesota, ambako sheria inamruhusu kujaza risasi zake, na nimekaa karibu na meza yake. Kwenye meza huwa kuna kopo moja tu la baruti. Mengine yote yako kabatini, yamefungwa, na hakuna jinsi ya kuchanganya. Simu iko chumba kingine. Maganda 50 yamesimama kwenye kibao chenye matundu, midomo juu, na baada ya kuyajaza anavuta taa na kukiinamisha kibao kidogo ili mwanga uingie ndani ya kila ganda. Anatazama safu kwa safu, midomo yake ikicheza kama anayesali. Nilimwona akisimama kwenye ganda moja ambalo kwangu lilikuwa sawa na wenzake. Alilimwaga kwenye sahani ya mizani. Lilikuwa na upungufu wa sehemu kadhaa za kumi za greni, na greni moja yenyewe ni gramu 0.0648. Jicho lililofunzwa kuona kama chuma kimenyooka ndilo lililoona baruti imepungua.

Alinieleza jinsi alivyochagua. Alianza na kitabu, si na maneno ya watu, kwa sababu viwanda na wachapishaji kama Lyman hupima mgandamizo kwa vyombo ambavyo hakuna fundi wa nyumbani anayevimiliki. Huanza kwa kipimo cha chini kabisa kilichoandikwa, akipanda polepole, na asipoona sababu ya kupanda hapandi. Kisha anaangalia jinsi baruti inavyotiririka. Ya magamba makubwa hukwama kwenye bomba la kipimio, ikaziba, halafu ikaporomoka kwa pamoja, ganda moja likapungukiwa na linalofuata likapata zaidi. Ya punje za mviringo hushuka kama maji. Ya vijiti vifupi humridhisha kwa usafi, kwani haiachi masizi mengi mtutuni. Hunusa pia: baruti inayooza hutoa harufu kali ya asidi, na vumbi jekundu huonekana kopo likifunguliwa. Hiyo haitumiki hata kama kopo limejaa.

Mwisho wa yote huipeleka uwanjani. Duara la kumi kwenye karatasi ya mita 25 lina kipenyo cha milimita 50, na risasi za mashindano zina uso bapa ili zikate tundu safi lisilobishaniwa na mwamuzi. Anapiga akiwa ameegemeza mkono, akibadilisha baruti tu, kila kingine kikibaki vilevile. Kuna baruti iliyompa kasi zaidi, akaiacha. Nyingine ilimpa mashimo mazuri asubuhi ya baridi, ikatawanya risasi joto lilipopanda. Aliyobaki nayo haina sifa ya ajabu. Risasi yake ya kwanza na ya mwisho zinausukuma mkono kwa uzito uleule, na mkono unaojua utasukumwaje hautetemeki ukisubiri.

Lakini kopo likiisha na akanunua jingine la jina lilelile, husoma namba ya toleo iliyopigwa ubavuni. Ikiwa imebadilika, daftari linafunguliwa ukurasa mpya na anarudi kwenye kipimo cha chini. Nilimuuliza kama kiwanda hakiaminiki. Alisema kiwanda kinaaminika sana, ndiyo maana kinaandika namba.

Hapa Uganda Sheria ya Silaha ya mwaka 1970 inaweka silaha na risasi chini ya leseni, na kutengeneza risasi si kazi ya mtu kufanya sebuleni kwake. Iwe hivyo, sitaki baruti katika nyumba za Kinawataka wala Banda, ambako ukuta wa jirani ndio ukuta wako. Ila siku ambayo mchezo wa shabaha utapata hapa karakana yake halali, yenye msimamizi na kufuli, wanaotafuta mafundi wasiende kwa watu wanaopenda bunduki. Waende chuoni Nakawa, kwenye meza za jiliwa, wamtafute kijana aliyekwisha kuipata alama ya kupita lakini bado ameinamia maikromita, akitafuta kwa nini upande mmoja umezidi.