Kuiga Sinema

Msomaji, ukipita mitaa ya mashariki ya Nairobi, kama Jericho, Kayole au Dandora, usishangae kuwakuta vijana wakiigiza pambano walilolitazama katika filamu, na mwenzao akiwarekodi kwa simu. Wako watu wazima wanaowacheka, wakisema kuiga ni uvivu. Hukumu hiyo ni ya haraka mno.

Tuseme wewe na wenzako mwataka kuigiza mwisho wa "Enter the Dragon", filamu ya mwaka 1973, pale Bruce Lee anapomwinda adui yake katika chumba kilichojaa vioo. Mtaani hakuna chumba cha namna hiyo. Mwaweza kuazima kioo kimoja cha kinyozi, mkaaibika. Au mwaweza kuwasimamisha watoto sita, kila mmoja akifuatisha mwendo wa adui, hata shujaa asijue yupi mtu na yupi kivuli. Bruce Lee huvunja vioo. Shujaa wenu atamgusa mtoto begani, naye ataanguka. Mkifanya hivyo, ukosefu wa vifaa utakuwa umewalazimisha kujiuliza vioo vile vilikuwa na kazi gani katika hadithi. Mwenye vioo tele huenda asijiulize kamwe.

Vijana watatu wa Mississippi, huko Marekani, walianza mwaka 1982 kuirudia "Raiders of the Lost Ark" tukio baada ya tukio, na kazi hiyo ikawachukua takriban miaka saba. Kima wa filamu ya asili hawakumpata, wakamtia mbwa. Mimi sioni kosa.

Hata hivyo tusiwasifu wetu bure. Katika "Nairobi Half Life" ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David Tosh Gitonga, kijana Mwas huuza filamu za Kizungu kijijini kwao huku akiwaigizia wateja mashujaa wake. Twavutiwa naye kwa kuwa hana chombo ila mwili wake na sauti yake. Waigaji wengi wa mitaani mwili wanao, lakini sauti waliikopa: hubana pua wapate kusema kama Wamarekani, na hapo mchezo hufa. Vioo waliwakosesha wengine. Lugha wameiacha wenyewe, nayo Sheng imekulia humu humu Eastlands. Mwache mmoja wao amtishe adui kwa Sheng ya mtaa wake, uone kama mama muuza mboga aliye kando hatageuka kutazama.