Bendi ya Baa na Ufundi Wake

Tunapousifu muziki wa dansi wa Tanzania, sifa nyingi huziendea kanda zilizorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Ni sifa ya haki. Bila kanda zile, sauti za Marijani Rajab, Hemedi Maneti na Muhidin Maalim Gurumo zingewafikia watu wachache zaidi. Lakini sifa hiyo inaishia nusu ya njia, kwa sababu studio ilipokea muziki uliokwisha kuiva, haikuupika yenyewe. Ulipoivia ni kwenye baa na kumbi za mitaani, mbele ya watu waliolipa kiingilio na kukaa na kinywaji chao, na katika safari za mikoani, ambako bendi hushusha vyombo jioni na kuvipakia tena kabla hakujapambazuka. Ninachoamini ni kwamba bendi ndogo ya baa, ile inayoishi kwa kusafiri, ina ufundi wake kamili usiofundishwa mahali pengine popote, na kwamba ufundi huo ndio uliotupa dansi tunayojivunia leo.

Ufundi huo unaanzia kwenye hadhira. Anayekwenda kwenye tamasha amekwenda kumsikiliza mwanamuziki, ila mteja wa baa amekuja na mambo yake: ana rafiki wa kuzungumza naye, ana mchumba wa kumbembeleza, au ana uchovu wa wiki nzima. Usikivu wake haununuliwi mlangoni, hupatikana hatua kwa hatua. Ndiyo maana bendi iliyokomaa haikimbilii kibao chake kikali mwanzoni mwa usiku. Viti vikiwa bado vitupu hupiga ala tupu na rumba za taratibu, kwa sauti inayowaachia watu nafasi ya kusalimiana na kuagiza. Kiongozi huku anapiga, huku anatazama: meza ipi imejaa, nani ameanza kutikisa kichwa, kona ipi inaitikia kiitikio. Mchezaji wa kwanza akiinuka, wimbo hauwezi tena kuishia pale ulipoishia mazoezini. Ni lazima urefushwe mpaka wa pili na wa tatu nao wapate moyo wa kuinuka. Uwanja ukishajaa, inakuja saa ya kuwarudisha vitini, maana anayecheza mfululizo hanunui kinywaji, na mwenye baa asiyeuza hataiita bendi mara nyingine. Hesabu yote hii hufanywa muziki ukiendelea, kwa jicho, kwa kichwa, kwa pigo moja la drams.

Umbo la wimbo lenyewe linatoa ushahidi. Sehemu ya kwanza huenda taratibu na kusimulia kisa: ndoa iliyoingia doa, ndugu waliotupana, mfanyakazi na mshahara usiofika mwisho wa mwezi. Kisha mwendo hupanda, magitaa yakatawala, likaja chemko. Mpangilio huo una asili ya rumba ya Kongo, nayo ilichota kwa Kuba, hilo halina ubishi. Hata hivyo ulikaa na kustawi kwetu kwa kuwa uliwatosheleza watu wa aina mbili waliomo katika ukumbi mmoja, aliyeketi anayetaka maneno ya kutafakari na aliyesimama anayetaka kutoka jasho. Sikiliza pia jinsi magitaa yanavyogawana kazi katika nyimbo za bendi ya Mlimani Park za enzi za mwanamuziki Michael Enoch. Besi haijazi kila pigo, huruka na kuacha pengo linalokaliwa na tumba. Ridhimu hurudia mzunguko wake mfupi bila kuchoka, gitaa la kati husokota mstari mwingine juu yake, na solo halipandi mpaka mwimbaji amemaliza kauli yake. Katika ukumbi wenye spika chache na wazungumzaji wengi, mpigaji mmoja akijionyesha huwafunika wenzake na wimbo mzima hugeuka kelele. Uwazi ule tunaousifu kwenye kanda ni adabu ya kazi, na adabu hiyo hujengwa usiku baada ya usiku.

Barabara nayo huongeza somo lake. Bendi inayopiga mahali pamoja huanza kuwazoea wateja wake, nao wakaizoea, makosa yakasamehewa kwa urafiki. Inayokwenda mikoani baada ya mavuno, wakati mkulima ana pesa mkononi, hukutana na watu wasioidai wala kudaiwa nayo chochote. Wimbo ulioshangiliwa Tanga unaweza kupita kimya Tabora, na bendi haina budi kujua sababu kabla ya kesho yake. Haikutokea kwa bahati tu kwamba bendi nyingi zilizojenga dansi zilitoka nje ya Dar es Salaam. Mji wa Morogoro peke yake ulitoa Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Wanamuziki ndugu wa familia ya Kinyonga walitoka Tanga, wakapitia Arusha, wakavuka mpaka na kuanzisha bendi ya Simba Wanyika nchini Kenya mwaka 1971, na kutoka humo ikachipuka Les Wanyika mwaka 1978. Waliimba Kiswahili kilichoeleweka Tanga na Nairobi vilevile, kwa sababu walikuwa wamekwisha kukipima mbele ya watu wa miji mingi.

Wapo wanaosema kwamba baa ni mahali pa ulevi na uhuni, na kwamba muziki unaozaliwa humo hauwezi kuwa sanaa ya heshima. Mahali ni kweli pana ulevi, lakini nyimbo zenyewe zinajibu. Tungo za dansi zilizodumu zinaonya, zinasuluhisha, zinaomboleza, zinamtetea mke aliyeachwa na mtoto aliyetelekezwa. Watunzi walijua kwamba mlevi naye ana nyumba, na kwamba neno la busara humfikia kirahisi zaidi likiwa na gitaa. Hata majina ya mitindo yanaonyesha muziki huu ulikotia mizizi: Msondo na Sikinde ni ngoma za Wazaramo, watu wa Dar es Salaam na viunga vyake. Lililo chukizo kwa wengine ni kule kurudia nyimbo zilezile kila usiku. Lakini wimbo wa bendi haurudiwi, hupigwa upya, kwa urefu mwingine na mwendo mwingine, kulingana na waliokuja.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa mwenye baa mwenyewe: mashine moja ya kupigia muziki na kijana mmoja wa kuiendesha hugharimu kidogo kuliko watu kumi wenye njaa na basi linalokula mafuta. Kwa hesabu ya pesa ana haki. Mashine hata huchagua wimbo unaopendwa. Isichoweza ni kuurefusha ubeti kwa ajili ya mtu aliyeanza kulia mezani, wala kumwita kwa jina mteja aliyewatuza wanamuziki, wala kumwachia kijana chipukizi apige solo moja usiku wa manane ili mwalimu wake amsikie. Baa ikibaki na mashine peke yake, hasara kubwa itakuwa kupotea kwa shule hiyo.

Limebaki pingamizi la mwisho, nalo sitalikwepa: kwamba kuisifu kazi hii ni kupamba mateso. Salum Abdallah alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965, na Mbaraka Mwinshehe akafa kwa ajali nchini Kenya Januari 1979. Wengi walizeeka bila gitaa la kwao, kwa kuwa vyombo vilikuwa mali ya shirika au ya mwenye bendi. Haya yote ni kweli, na ndiyo yanayonifanya nisisitize kwamba huu ni ufundi. Kinachoitwa starehe hulipwa kwa hisani, lakini fundi hudai ujira, gari salama, bima na mwanafunzi wa kumrithi. Enzi za bendi za mashirika, kuanzia NUTA Jazz mwaka 1964, wanamuziki waliwahi kulipwa mshahara wa mwezi kama wafanyakazi wengine, kwa hiyo anayesema haiwezekani hajaangalia nyuma. Tukizihifadhi kanda na kuiacha baa ife, tutarithi nyimbo zisizo na watu wa kuziendeleza. Kwa hiyo anayeipenda dansi aanzie mlangoni: alipe kiingilio kamili, akae, asikilize, na wimbo ukimgusa ainuke akawatuze waliopiga.