Tarikhi ya Mazrui

Msomaji, Mazrui walitawala Mombasa hadi mwaka 1837. Sheikh Al-Amin bin Ali, mtu wa ukoo huo, aliandika tarikhi yao kwa Kiarabu, akafariki mwaka 1947 kabla haijachapwa. Tafsiri yake ya Kiingereza ilitolewa mwaka 1995. Karibu nusu karne karatasi zile zilinusurika na mchwa!

Naam, mwamba ngoma huvuta kwake. Basi soma kwa hadhari kila awatajapo Mabusaidi, mahasimu wa jamaa zake. Lakini sikubaliani na anayekitupa kitabu kwa sababu hiyo. Habari za mshindi ziliandikwa hata na mabalozi wa Kizungu waliokaa Unguja. Za aliyeshindwa, nani angeziandika kwa uchungu huo ila jamaa yake?